Kadi Zenye Anwani Moja: Uzoefu wa Fundi wa Mitandao Nyanda za Juu Kusini

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao ya kompyuta katika shule, zahanati na ofisi ndogo zilizoko kati ya Tukuyu na Iringa, na katika majira ya mvua hakuna kifaa ninachokibadilisha mara nyingi kuliko kadi ya mtandao, yaani kipande kinachoiunganisha kompyuta na waya wa mtandao. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na mvua hizo huja na radi. Waya wa shaba uliovutwa kutoka jengo moja hadi jengine hubeba msukumo wa umeme hata pale ambapo radi yenyewe imepiga mbali kidogo, na sehemu ya kwanza kuungua huwa ni mlango wa mtandao, ama wa kompyuta ama wa swichi, kile kisanduku kinachoziunganisha kompyuta za mtandao mmoja. Sehemu nyingine zote za kompyuta hubaki nzima. Ndipo shule hununua kadi ya kuchomeka ndani, na kwa kuwa fedha ni kidogo hununua ile ya bei ya chini kabisa iliyopo dukani siku hiyo.

Shule moja ya sekondari ya upande huo iliniita baada ya kubadilisha kadi kadhaa kwa mkupuo. Walimu walieleza kwamba mtandao wa chumba cha kompyuta ulikuwa unakuja na kuondoka, na kwamba walikwisha kubadilisha waya, wakabadilisha swichi, wakaweka upya Windows kwenye baadhi ya mashine, bila nafuu yoyote. Nilipofika nilikuta kila kompyuta, ikiwashwa peke yake, inafanya kazi vizuri kabisa. Shida ilianza zilipowashwa pamoja: ukurasa unafunguka nusu, unasimama, kisha unaendelea kwenye mashine hii wakati ile ya pili imeganda. Mwalimu wa kompyuta, kijana makini ambaye alikuwa amefuatilia tatizo kwa subira, aliniambia jambo ambalo lilifupisha kazi yote.

"Fundi, nimechunguza. Ukizima hii ya mlangoni, ile ya dirishani inapona. Ukiiwasha tena, zote mbili zinaanza kusumbua."

"Mwalimu, hapo umeshamaliza nusu ya kazi," nilimjibu. "Hebu tuandike ubaoni anwani ya kadi ya kila kompyuta."

Kwenye Windows amri ya getmac huonyesha anwani hiyo, na wanafunzi waliokuwa chumbani walisaidia kuzisoma moja moja kwa sauti huku mwalimu akiandika. Mstari wa pili na wa tano ulikuwa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Baadaye kidogo ukaja mwingine sawa na hiyo miwili, kisha mwingine tena. Kadi zote zilizonunuliwa pamoja zilikuwa zimetoka kiwandani, au kwa yeyote aliyezitengeneza, zikiwa na anwani moja.

Inafaa nieleze kwa nini jambo hili halitakiwi kutokea kabisa. Kila kadi ya mtandao hubeba anwani ya biti 48 (kila biti ni 0 au 1), inayoandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F), na ambayo wengi wetu huiita anwani ya MAC. Biti 24 za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, naye huzipata kwa kujiandikisha na taasisi ya IEEE ya Marekani. Biti 24 zinazobaki huzigawa mtengenezaji mwenyewe, na zinamtosha kutengeneza kadi 16,777,216 kabla ya kuhitaji namba nyingine ya utambulisho. Mfumo wote unasimama juu ya uaminifu wa huyo mtengenezaji, kwamba hatatoa namba moja mara mbili. Anayenakili kadi ya kampuni yenye jina na kuiga hadi yaliyomo kwenye kumbukumbu yake, bila kujali kwamba kila kadi inahitaji namba yake, anauvunja uaminifu huo, na gharama inalipwa na mnunuzi ambaye hana namna ya kuijua akiwa dukani.

Swichi hujifunza kwa kutazama: data inapoingia kupitia mlango fulani, swichi huandika kwenye jedwali lake kwamba anwani iliyotuma iko upande wa mlango huo. Kompyuta mbili zenye anwani moja zikituma kwa kupokezana, jedwali hubadilishwa kila mara, na majibu hupelekwa kwa yule aliyezungumza mwisho, awe ndiye aliyeuliza au siye. Ni kama daftari la mahudhurio lenye wanafunzi wawili walioandikishwa kwa jina moja na namba moja, ambapo alama za mmoja huweza kuandikwa kwa mwenzake, kutegemea nani ameitika mwisho. Tena swichi za bei nafuu zinazotumika mashuleni haziweki kumbukumbu yoyote ya mabadiliko hayo. Ile ya ofisi kubwa ingelalamika, hii inanyamaza.

Kuna sababu ya pili iliyofanya tatizo lijifiche, na nadhani ndiyo iliyowachosha walimu wale. Ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na mitandao mingine, ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani za IP, yaani namba ambazo kompyuta hutumia kuwasiliana mtandaoni, nayo ilizitambua kompyuta kwa anwani za kadi zao, hivyo ilizipa kompyuta zote hizo anwani moja ya IP, ikiamini kwamba inazungumza na mashine ileile. Kwa kawaida Windows hutoa onyo inapogundua kwamba kuna mwingine anayetumia IP yake. Lakini ugunduzi huo hutegemea kuona IP ileile ikitangazwa na kadi yenye anwani tofauti, na hapa anwani ya kadi ilikuwa moja, kwa hiyo kila kompyuta iliposikia tangazo la mwenzake ililichukulia kuwa ni lake lenyewe. Ndiyo maana hakuna onyo lolote lililowahi kutokea kwenye skrini. Tangu wakati ule, katika mtandao wowote unaokatika bila onyo, kuorodhesha anwani za kadi ndiyo hatua yangu ya kwanza, kabla hata sijagusa waya.

Tiba ya haraka ipo na haichukui dakika nyingi. Kwenye Windows, sifa za ziada za kadi nyingi zina mahali pa kuandika anwani nyingine; kwenye Linux amri ya ip hufanya kazi hiyohiyo. Anwani inayowekwa namna hiyo hukaa kwenye mfumo endeshi, yaani hiyo Windows au Linux, na kadi yenyewe haibadiliki. Kwa kompyuta ya mtu mmoja nyumbani ningeishia hapo. Kwa shule ile haikutosha, kwa sababu mbili zenye uzito. Kwanza, mwalimu huweka upya Windows kila muhula, na kila akiweka upya, mpangilio ule hufutika. Pili, na hili ndilo lililoamua, alikuwa ameanza kuziwasha kompyuta zisizo na diski nzima kupitia mtandao, kutoka kwenye seva moja, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ya chumba kile. Kompyuta inayowashwa kwa njia hiyo huomba IP kabla mfumo endeshi wowote haujapakiwa, na hapo kadi haina anwani nyingine ya kutumia isipokuwa ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake. Ilibidi tuandike ndani ya kadi.

Kumbukumbu hiyo ni chipu ndogo ya aina ya EEPROM au ya flashi, inayotunza yaliyoandikwa hata umeme ukizimwa. Ndani yake haimo anwani peke yake. Mna mipangilio ya taa za mlango, ya kuamshwa kupitia mtandao, utambulisho wa chipu, na katika kadi za kisasa mna programu dhibiti nzima inayoendesha kadi kabla na baada ya mfumo endeshi kuamka. Anayeandika humo anaandika mahali ambapo makosa hayaondoki kwa kuzima na kuwasha. Kwa sababu hiyo nilimweleza mwalimu kwamba hatutaandika hata baiti moja (biti nane) kabla ya kusoma yote yaliyomo katika kila kadi na kuyahifadhi kwenye faili lenye jina la kadi hiyo, kisha faili hilo kulinakili kwenye flashi mbili tofauti za USB. Nilikuja na Linux kwenye flashi ya USB, na kwa amri ya ethtool tulisoma kumbukumbu ya kila kadi kama ilivyokuwa, yenye anwani yake ya bandia na yote mengine.

Kadi nyingi zilikuwa na chipu ya Intel aina ya 82574L, au angalau chipu inayojitambulisha hivyo. Katika kadi za familia hiyo anwani ya MAC iko katika baiti sita za mwanzo kabisa za kumbukumbu. Ninavutiwa na ulinzi uliowekwa na waandishi wa kiendeshi chake cha Linux, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia kadi, kwa maana unaonyesha watu waliowafikiria mafundi walioko mbali nao: ethtool haikubali kuandika mpaka utaje namba maalumu ya idhini, ambayo kwa kadi hizi huundwa kwa namba ya utambulisho wa chipu ikifuatiwa na namba ya Intel, yaani 8086. Kwa chipu yetu, yenye namba 10D3, ilikuwa 0x10D38086 (0x huashiria tu kwamba namba ni ya heksadesimali). Fundi aliyekosea kadi, akataka kuandika kwenye kadi ya seva yenye chipu nyingine badala ya ile ya majaribio, atataja namba isiyolingana na atakataliwa kabla hajaharibu kitu.

Ulinzi wa pili ni jumla ya uhakiki. Maneno 64 ya mwanzo ya kumbukumbu, kila moja likiwa na baiti mbili, yakijumlishwa ni lazima yatoe 0xBABA. Ukibadilisha anwani bila kurekebisha neno la mwisho la hesabu hiyo, jumla inapotoka, na kiendeshi kikiwashwa kitakataa kabisa kuitumia kadi kwa kuamini kwamba kumbukumbu yake imeharibika. Ukiandika kupitia ethtool, kiendeshi cha kadi hizi hurekebisha jumla chenyewe. Ukitumia njia nyingine, kwa mfano kuiandika chipu ya EEPROM moja kwa moja kwa kifaa cha kuandikia chipu, ni juu yako kukokotoa, na nimeletewa kadi zilizohesabiwa kuwa zimekufa ambazo hazikuwa na kasoro nyingine yoyote zaidi ya jumla isiyolingana.

Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi halikuwa la namna ya kuandika. Lilikuwa la nini cha kuandika. Kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu alipendekeza tubadilishe tarakimu ya mwisho tu ya ile anwani iliyorudiwa: 1, 2, 3 na kuendelea. Pendekezo lake lingefanya kazi chumbani mle, lakini nililikataa, na ningelikataa leo. Anwani zile za mwanzo ni mali ya mtengenezaji halisi, ambaye yamkini amekwisha kuuza kadi halali zenye namba hizohizo, na kadi moja kati ya hizo inaweza kuletwa kwenye shule hiyohiyo ndani ya kompyuta ya msaada. Njia iliyo wazi na ya haki ipo. Katika baiti ya kwanza ya anwani kuna biti moja inayosema kwamba anwani hii imetolewa na msimamizi wa mtandao mwenyewe, si na kiwanda. Anwani yoyote ambayo tarakimu yake ya pili ni 2, 6, A au E iko katika fungu hilo, na hakuna mtengenezaji anayetakiwa kulitumia kwa namba anazosajili kwa utaratibu wa kawaida. Tulianza zetu na 02, na baiti za mwisho tukazifanya zifuate namba ya meza, ili mwalimu akiona anwani kwenye orodha ya ruta ajue mara moja ni kompyuta ipi.

Kijana aliuliza kwa nini tusianze na 01, ambayo ni rahisi kukumbuka. Ni swali zuri, na jibu lake linafaa kukaririwa: baiti ya kwanza ikiwa namba witiri, anwani hiyo ni ya kundi, yaani ya kupeleka ujumbe kwa wapokeaji wengi, na kompyuta moja haiwezi kuimiliki kuwa yake. Linux hukataa anwani hiyo ukiiweka kwa amri ya kawaida. Lakini uandishi wa moja kwa moja kwenye kumbukumbu haukukatazi, na hapo ndipo ujuzi wa fundi unapohitajika. Kadi zenye milango miwili zina tahadhari yake pia. Baadhi ya zile za Intel huhifadhi anwani moja tu, na mlango wa pili hupata yake kwa kugeuza biti ya mwisho ya ile ya kwanza. Anayezipanga namba kwa mfululizo bila kuruka ataunda upya tatizo lilelile alilokuja kuliondoa.

Baada ya kuandika tulizima kila kompyuta kabisa, tukachomoa waya wa umeme, tukasubiri kidogo, kisha tukawasha na kusoma tena kwa ethtool -P, inayoonyesha anwani ya kudumu. Ni muhimu kutofautisha hiyo na anwani inayotumika wakati huo, kwa sababu hizo mbili zinaweza kutofautiana, na anayetazama ya pili peke yake anaweza kudhani amefaulu kumbe hajagusa kumbukumbu.

Wapo wanaosema tahadhari zote hizi zimezidi. Nawakumbusha yaliyotokea mwaka 2008, wakati matoleo ya majaribio ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 2.6.27 yalipoanza kuharibu kumbukumbu za kadi za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e. Kwa muda watu walikishuku kiendeshi chenyewe. Uchunguzi ulibaini kwamba mkosaji alikuwa ftrace, sehemu ya kerneli ya kufuatilia mwenendo wa programu, iliyokuwa ikiandika mahali pa kumbukumbu ya kompyuta ambapo msimbo wa programu ulikuwa umeshaondolewa na pakachukuliwa na kadi. Wahandisi walioijua kazi yao kuliko sisi sote walipoteza kadi, na waliokuwa wamehifadhi nakala ya kumbukumbu ndio walioweza kuzirudisha kwa urahisi. Baada ya hapo kiendeshi kiliongezewa ulinzi wa kuzuia uandishi katika kumbukumbu hiyo.

Kusasisha programu dhibiti ni kazi ya jamii hiyohiyo, ingawa nafanya mara chache zaidi. Ofisi moja mjini Iringa ina seva yenye kadi ya Intel ya X710, na kila seva ilipowashwa kiendeshi kiliandika kwenye rekodi za mfumo endeshi kwamba kimekuta kumbukumbu ya kadi yenye toleo la zamani kuliko lile kinachotarajia. Mwenye ofisi, mama mmoja mtu mzima ambaye hapendi kitu chake kichezewe, aliniuliza swali ambalo kila fundi anapaswa kuulizwa.

"Mwanangu, kwani sasa hivi haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi, mama. Lakini milango hujifunga yenyewe kazi zikizidi, na maelezo ya toleo jipya yanataja tatizo hilo."

Laiti maelezo yale yasingetaja tatizo lile, ningeiacha kadi kama ilivyokuwa. Sina imani na usasishaji wa programu dhibiti unaofanywa kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Kadi iliyotulia, isiyo na kasoro ya usalama inayojulikana, iachwe itumike.

Tulipokubaliana, kazi ilipangwa kwa siku ya mapumziko. Kwanza nilihakikisha kadi ni ya Intel yenyewe, kwa sababu chipu ileile huuzwa pia kwa nembo za watengenezaji wa seva, na hizo zina faili zake za kusasishia. Kadi za Mellanox zina utaratibu mzuri zaidi katika hili: kila aina ya kadi ina namba yake iitwayo PSID, na chombo cha kuandikia hukataa faili la PSID nyingine isipokuwa fundi alazimishe kwa makusudi. Pili, niliweka UPS (betri ya akiba) iliyopimwa siku hiyohiyo kwa kuiachia seva mzigo wote bila umeme wa gridi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya uandishi kadi huamka, kama itaamka, katika hali ya uokoaji yenye uwezo mdogo. Tatu, sikukubali kuifanya kazi hiyo kwa mbali kutoka Mbeya. Fundi anayeingia kwenye seva kupitia kadi ileile anayoiandika amejikatia njia ya kurudi, na kati ya Mbeya na Iringa kuna mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Chombo cha Intel kiitwacho nvmupdate64e kiliweka nakala ya kumbukumbu ya zamani, kikaandika mpya, kikataka seva izimwe kabisa. Kuwasha upya kwa kawaida hakutoshi, kwa kuwa kadi inaendelea kupata umeme na kuendesha programu ya zamani.

Usisahau kwamba si kila programu dhibiti hukaa kwenye kadi. Chipu nyingi za Realtek hupewa nyongeza yake na kiendeshi kila kompyuta inapowashwa, kutoka kwenye faili lililoko kwenye diski, na usasishaji wake ni kusasisha mfumo endeshi tu. Hapo hakuna hatari niliyoieleza. Tangu Debian 12 (mojawapo ya mifumo ya Linux) ya mwaka 2023, faili za namna hiyo zimo ndani ya kisakinishi chenyewe, na hilo limetupunguzia kazi katika shule zisizo na intaneti.

Kwenye shule ile ya Rungwe zilibaki kadi mbili ambazo hazikukubali kubadilishwa. Anwani zake ziliandikwa kwa fyuzi ndogo ndani ya chipu, na fyuzi ikishachomwa haichomwi tena. Mwalimu alitaka kuzitupa. Nilimshauri vinginevyo, kwa sababu anwani ya MAC haivuki ruta. Ulazima wa kutofautiana uko ndani ya mtandao mmoja tu. Kadi moja tuliiacha kwenye chumba cha kompyuta na nyingine tukaipeleka ofisi ya uhasibu, iliyo nyuma ya ruta yake, na kwenye daftari la kompyuta la shule mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba hizo mbili zisiwekwe kamwe katika mtandao mmoja.